Mama wa Shaba Dirishani kwa Tata Ngoie

Juzi nilisalimia dumu la maji. Lilikuwa limewekwa kwenye kiti karibu na dirisha la nyumba ya wageni, na mwenye nyumba alikuwa amelifunga kitambaa cha kichwa ili vumbi lisiingie. Nikapita, nikasema, "Jambo, mama," nikasimama kungoja jibu. Watu waliokuwa barazani walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Sikuona haya sana. Nimepita miji mingi, nimelala kwenye vitanda vya watu wengi, na mwanamke wa maisha ya namna hiyo hujifunza kusalimia kwanza na kuangalia baadaye. Lakini nilipobaki peke yangu nilijua nilikuwa nimemsalimia nani.

Sisi tuliokua Kolwezi wakati nchi ilipobadilishwa jina, na watu wazima nao wakabadilisha ya kwao, tunakumbuka king'ora cha kampuni kilivyogawa siku. Kikilia mara ya kwanza, moshi wa mkaa unapanda kila uani. Kikilia mara ya pili, barabara inajaa kofia za chuma na baiskeli. Baba yangu hakuwa mtu wa kampuni. Alikuwa na lori lake, na ukoo wetu ulitoka Kasongo, watu wa biashara na safari na sala tano. Kwa hiyo tulikaa nje ya kambi ya wafanyakazi, nyuma kidogo ya ukuta wake. Kambi yenyewe niliivuka kila asubuhi nikienda shule, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi, na kwa sababu nilipenda kuchungulia nyumba za watu. Zote zilifanana, zimepakwa chokaa juu na rangi ya udongo chini, lakini ndani kila moja ilikuwa dunia yake.

Katika nyumba ya nne kutoka kwenye bomba la maji alikaa Tata Ngoie, tata yaani baba kwa heshima, na mama yake. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka miwili.

Mama huyo alikuwa akikaa dirishani, nikiona kichwa na mabega tu. Alifungwa kitambaa cha buluu. Macho yake yalitazama chini kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu jikoni, na uso wake ulikuwa mweusi wenye kung'aa, kama ametoka kujipaka mawese sasa hivi. Kila asubuhi nilisimama chini ya dirisha, nikamwambia, "Jambo, kambo," kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyowaita bibi na babu kule kwetu. Hakuitikia hata siku moja. Nyumbani kwetu mtu mzima kumnyima mtoto salamu lilikuwa jambo kubwa, basi nikapeleka mashtaka kwa Bibi, mama mzazi wa Baba. Bibi alikuwa akichambua mchele. Akasema mzee asiyeitikia ana jambo moyoni, wewe salimia tu, siku litakapomtoka ataziitikia zote kwa pamoja. Maneno hayo yalinitosha. Niliendelea kusalimia, na siku nilizopewa maandazi nilimwekea nusu ya andazi kwenye kizingiti cha dirisha. Nikirudi mchana, halipo. Nikawa najua kwamba angalau anakula.

Siku za Jumapili watu walikuja kumwangalia. Walisimama mlangoni, wake kwa waume, hata wahandisi wa kampuni wenye kaptula zilizopigwa pasi, wakatikisa vichwa kimya. Mimi nilidhani wanamletea pole ya ugonjwa.

Tata Ngoie mwenyewe alifanya kazi kwenye fonderi, kule wanakoyeyusha madini na kuyamimina kwenye mchanga ili yatoke magurudumu ya pampu na meno ya mashine. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye alama za cheche mikononi kama mtu aliyeugua ndui mikono tu. Kambini aliheshimiwa kuliko cheo chake. Watu walimwita fundi kwa sauti tofauti na ile waliyowaitia mafundi wengine, na nilipomuuliza Baba sababu, akanijibu kwamba yule ni mtu mwenye mikono. Kila mtu ana mikono, nikafikiri, nikaacha.

Sasa niseme kilichotokea asubuhi ile, ambayo ndiyo asubuhi ya kwanza kukosa shule kwa hiari yangu. Zilifuata nyingine nyingi.

Ilikuwa ile baridi ya kiangazi inayofanya pumzi ionekane. Mama yangu alikwisha kwenda sokoni. Baba alikuwa amefungua boneti ya lori, bila kujua siku hiyo angebeba nini wala kwenda wapi, ndivyo alivyoishi. Mara Tata Ngoie akaingia uani akisukuma pusupusu, ule mkokoteni wa mbao wa gurudumu moja. Ndani yake kulikuwa na godoro lililokunjwa, sufuria, sanduku la zana, na mama yake amelazwa juu ya vyote, kitambaa cha buluu kikiwa kimemshuka usoni.

Niliona namna walivyomnyanyua, Baba huku na Tata Ngoie huku, wakimshika shingoni kama gunia. Bega lake likagonga chuma cha gurudumu la lori. Sauti ikatoka, ndefu, tamu, kama kengele ya kanisa ikipigwa mara moja tu, na ikakaa hewani mpaka kuku wakageuka. Kitambaa kikaanguka. Hakuwa na nywele, alikuwa na mistari ya kusuka iliyochongeka. Hakuwa na mwili, aliishia kifuani. Alikuwa shaba iliyochanganywa na bati, ile wanayoiita bronzi, nyeusi kwa kushikwa.

Nililia. Si kwa hofu, ni kwa aibu ya salamu zote zile. Baba alipouliza nina nini, habari ya maandazi ikanitoka mdomoni kabla ya mengine. Tata Ngoie akachuchumaa mbele yangu.

"Ni we ulikuwa naweka mandazi pa dirisha?"

"Ni mi, tata."

Akasema polepole, kama mtu anayeaga kitu, "Mi nilifikiri ni yule mama mujane wa pale pa bomba. Miaka mbili namuchekea kila siku."

Baba alishika boneti ili asianguke kwa kicheko.

Lakini jambo lililomleta halikuwa la kucheka. Kampuni ilikuwa imempumzisha kazi. Mtu akipumzishwa, nyumba ya kambi si yake tena. King'ora cha saa sita kisimkute ndani. Ufunguo alikwisha kuurudisha. Mke wake alirudi kwao zamani, na watoto hawakujaliwa. Katika dunia nzima alikuwa na ndugu mmoja tu, dada yake mkubwa, Mama Numbi, mfinyanzi wa vyungu huko Tenke kwenye njia panda ya reli. Na dada huyo alikuwa amemfungia mlango. Mama yao mzazi alitoka Tenke kuja kumtembelea Tata Ngoie hapa Kolwezi, akakaa, akaugua, akafa, akazikwa kwenye makaburi ya mji. Habari zilimfikia Mama Numbi baada ya majuma mawili, mdomoni mwa mtu wa treni. Akatuma neno kwa mtu huyohuyo: kaka yangu asikanyage kwangu mpaka anirudishie mama.

Wazo la kwanza la Tata Ngoie lilikuwa kukaa kwetu kwa muda. Bibi akatoka na tasbihi yake mkononi, akamtazama yeye, akaitazama ile sanamu.

"We Ngoie, lala hapa mpaka Mungu atapenda," akasema. "Lakini huyu, hapana. Nyumba iko na sanamu, malaika haiingie."

"Kama mama yangu hana nafasi, mama, basi mi pia sina."

Alisema kwa upole, bila kununa. Bibi akaingia ndani. Nikadhani amekasirika. Baba akakuna kichwa, akasema basi panda, tutoke kwanza, mengine tutayajua mbele. Tata Ngoie akauliza mbele wapi. Baba akamjibu kwamba barabara ya mbele inafika Tenke, atake asitake.

Hapo ndipo ilipokuja hofu nyingine, ya daraja. Watu wa umri wangu watakumbuka kwamba kule kwetu kilo moja ya shaba njiani bila karatasi ilikuwa wizi, hata kama umeirithi. Kwenye daraja la Lualaba kulikuwa na kizuizi na askari, na kichwa cha bronzi chini ya turubai kingekuwa mali iliyoibwa kwa kampuni. Wangekichukua, kingeyeyushwa, na sisi tungelala korokoroni. Tata Ngoie hakuwa na karatasi. Shaba yenyewe ilitoka kwenye misalaba ya mahari ya mama yake, ile misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya wazee wa kale, na bati aliletewa na Baba kutoka Manono. Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza.

Wakati wanaume hao wawili wamesimama wakitazama chini, Bibi alirudi. Mkononi alikuwa na ushungi wake mweupe wa Idi, na vitenge viwili.

"Hakuna mama wa mutu anaenda safari kichwa wazi," akasema, kana kwamba tulikuwa tumebishana naye.

Hakutaka kumgusa usoni. Alimfunga ushungi akiwa amegeuza macho pembeni, huku midomo yake ikisema dua. Kisha akaagiza gunia la pumba, akalifanya tumbo na mapaja, akalizungushia vitenge, na kichwa kikakaa juu yake. Alipomaliza, palikuwa na mama mzee, mnene, mwenye heshima, ameketi katikati ya kiti cha lori. Mtu wa kumshika asianguke alitakiwa awe mwembamba. Nikapanda kabla hawajaniuliza, begi la shule nikaliacha juu ya pusupusu.

Safari ile ninaikumbuka zaidi kwa bega langu la kulia. Mwanzoni mama alikuwa baridi, baridi inayopenya nguo mpaka kwenye mfupa. Tukapita vilima vya udongo wa mgodi, tukapita vichuguu virefu kuliko watu, na jua lilipopanda likaanza kumwingia. Shaba hupokea jua pole na hairudishi upesi. Saa nne alikuwa na joto kama mtu mwenye homa, na saa tano nilimwekea begani kitenge nisiungue. Lori liliporuka kwenye mashimo alinielemea, na Tata Ngoie, aliyekuwa upande wa pili, alimrudisha akinong'ona pole.

Darajani maji ya Lualaba yalikuwa chini, ya kijani, yakienda taratibu. Askari alikuwa kijana. Alitazama karatasi za Baba, akazunguka nyuma, akapapasa turubai, akarudi, akapanda kwenye ngazi ya mlango na kuingiza kichwa ndani. Siku hizo hakuna aliyeitwa bwana, kila mtu alikuwa mwananchi kwa Kifaransa.

"Sitwayeni, huyu mama iko na nini?"

Baba, ambaye aliweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, akaanza kutafuta karatasi alizokwisha kuzionyesha. Askari akamsalimia mama. Akamsalimia tena, kwa sauti zaidi, akidhani ni kiziwi. Basi nikasema lile nililolijua, na kwangu halikuwa uongo hata kidogo.

"Haitikie mutu. Mi namusalimia kila siku, hata mi haniitikie. Iko na jambo mu roho."

"Jambo gani?"

"Anataka kurudi kwake. Mutoto wake alimukalisha Kolwezi."

Askari akavua kofia. Akasema kwamba mama yake yeye yuko Kaniama, na tangu alipovaa nguo hizi hajamwona. Kisha akafanya tusilolitarajia: alinyoosha mkono wake ndani ili amshike mama mkono, apate baraka. Mama hakuwa na mikono. Bibi alisahau mikono. Sijui ni akili gani ilinijia, lakini niliingiza mkono wangu chini ya kitenge upande wake, nikatoa vidole tu. Askari akavishika kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa.

"Mama anakonda sana," akamwambia Tata Ngoie kwa lawama. "Mumupatie supu."

Akanyanyua mti wa kizuizi mwenyewe, na kumwamuru Baba aende polepole, barabara ni mbaya na mgonjwa hataki kutikiswa. Baba alikwenda polepole kweli mpaka daraja likapotea kwenye kona. Kisha akasimamisha lori katikati ya barabara, akaweka kichwa juu ya usukani, akacheka mpaka machozi. Mimi pia. Tata Ngoie peke yake hakucheka.

"Turudi," akasema.

Baba akamuuliza arudi wapi, na ufunguo hana.

"Askari tumemudanganya. Numbi, sitaweza."

Baba hakumwelewa. Alifikiri ni hofu ya kawaida ya mtu anayekwenda kuomba radhi, akatia gia. Mimi nilimtazama kwa pembeni ya ushungi, nikaona kwamba mzee huyu aliyeheshimiwa na kambi nzima ana uso wa mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu.

Tenke ni mahali ambapo treni za kutoka kusini, za kutoka kaskazini na za kutoka kwetu Kolwezi hukutana, na watu hukaa siku nzima wakingoja kubadili. Mama Numbi alikaa nyuma ya stesheni na kuwauzia wasafiri hao vyungu. Tulimkuta chini ya paa la nyasi, miguu imenyooshwa, akisugua chungu kibichi kwa jiwe laini la mtoni. Alikuwa mrefu kuliko kaka yake, mkavu, na mkono wake haukusimama tulipofika. Alimwitikia Baba salamu yake. Akaniitikia mimi, akaniuliza kama nina njaa. Tata Ngoie alipoinama na kumsalimia kwa Kiluba, jiwe liliendelea kusugua.

Mbele ya paa lile palikuwa na mstari wa majivu umemwagwa ardhini. Baba alitaka kuuvuka, Mama Numbi akanyanyua kidole tu. Baadaye alinieleza, nami nimesikia hivyo sehemu nyingine za kule kwetu: udongo wa vyungu ni wa wanawake. Mwanamume haugusi, hapiti karibu na vyungu vibichi, akipita vinapasuka motoni. Nyuma ya paa kulikuwa na nyumba ya Mama Numbi ya chumba kimoja, na kando yake chumba kingine kidogo, chenye vyungu vibichi vikikauka kivulini kutoka ukuta hadi ukuta.

"Nimekuletea mama, yaya," Tata Ngoie akasema kutoka ng'ambo ya majivu; yaya kwetu ni dada mkubwa.

Ikawa lazima mimi niipokee ile sanamu, kwa kuwa nilikuwa wa kike. Wanaume waliibeba juu ya kitenge mpaka kwenye mstari, Mama Numbi akashika ncha moja, mimi nyingine, tukaiburuta hadi kwenye kivuli. Alifungua ushungi. Akautazama uso ule muda mfupi tu, kama mtu anayetazama picha ya kitambulisho. Nilitegemea atalia. Badala yake aliipindua kichwa chini, kama wafanyavyo wafinyanzi na chungu cha mwenzao, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akaingiza mkono ndani, kwenye ule utupu wa shingo, mpaka karibu na kiwiko.

Mkono ulikaa humo. Nje, injini ya treni ilikuwa ikipumua, na mchuuzi mmoja alikuwa akiita ndizi.

Mtu asiyejua kazi hiyo asingeelewa, nami sikuelewa papo hapo. Tata Ngoie alinifundisha baadaye. Kichwa cha namna ile huanza kuwa nta ya nyuki. Nta inafinywa kwa vidole, ndani na nje, inajazwa na kuvikwa udongo, inachomwa. Nta inayeyuka na kukimbia, na shaba inaingia pale ilipokuwa. Kwa nje fundi anapiga tupa, anasugua, anang'arisha. Kwa ndani hakuna anayehangaika. Kila kidole kilichofinya nta kinabaki humo kama kilivyokuwa.

"Ni nani alifinya hii?" Mama Numbi akauliza. Ndiyo mara ya kwanza alipomsemesha kaka yake.

"Ni mi, yaya."

"Leta kidole."

Tata Ngoie akanyoosha gumba lake juu ya majivu. Lilikuwa pana, bapa, limepondwa na nyundo miaka mingi. Dada yake akalitazama, akarudisha mkono ndani ya shaba, akaniita. Aliuongoza mkono wangu mwenyewe. Ndani palikuwa na joto la jua la njiani, na nikahisi vishimo vidogo, vyembamba, vimepangana kama mbegu za boga, na mwisho wa kila kimoja mchoro wa ukucha umeelekea kushoto. Kisha akanipa chungu chake kimojawapo, kilichokwisha kuchomwa, akaniambia nipapase ndani ya shingo. Vishimo vilevile. Ukucha uleule, kushoto. Akasema mama yake alimaliza kila chungu hivyo, na ndivyo alivyomfundisha.

Basi nikajua kabla hajatamka, na Baba pia nadhani alijua, maana aliondoka akaenda kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida.

"Naulizia mara ya pili," akasema Mama Numbi.

Tata Ngoie aliketi chini, kwenye vumbi, upande wake wa mstari. Akaeleza akitazama mikono yake. Alitaka kweli kumtengeneza mama, alitaka mno, lakini kila alipogusa nta ilikataa kuwa mtu, ikawa kifaa cha mashine. Mama alimcheka kwa siku kadhaa. Kisha akamwambia asogee. Akakaa sakafuni pale kambini, akafumba macho, mkono mmoja usoni kwake na mwingine kwenye nta, na akajifinyanga mwenyewe kwa kujipapasa, kidogo kidogo, zaidi ya majuma matatu. Ndiyo sababu ya kukaa sana. Tata Ngoie alichanganya udongo wa kuivika, akachimba shimo, akavuta moto, akamimina shaba. Mama alisema itakapopoa atapanda nayo treni, ampelekee Numbi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kulalamika kwamba siku moja atabaki na vyungu tu. Ikapoa, na mama akawa tayari ameshikwa na homa.

"Siku ya kilio watu waliiona pale ndani," akasema. "Bakubwa ba kazi nao bakakuja. Bakauliza ni nani alifanya. Nikasema ni mi. Ile neno ikatoka mara moja tu. Kesho yake kambi yote inaniita fundi."

"Na njia ya Tenke, uliisahau?"

"Hapana, yaya. Nilijua nikiileta, utaingiza mukono."

Miaka yote ile, treni ya Tenke ilikuwa ikipita karibu na kambi yake.

Mama Numbi alikaa, mkono mmoja juu ya kile kichwa chenye mistari ya nywele, na nilimwona akikikuna taratibu kwa kucha, kama anayesuka. Nimekutana na watu wengi wenye hasira tangu hapo, na nyumba nyingi zimenifungia mlango, baadhi kwa haki. Sijaona tena mtu aliyebeba hasira kwa muda mrefu vile na akaitua bila kuitupa kichwani kwa mtu. Alipofungua mdomo, alimwambia kaka yake kwamba hivyo basi sanamu ilikuwa yake yeye, Numbi. Tata Ngoie akasema ilikuwa ya dada yake tangu ikiwa nta. Dada akamuuliza kama mama alijua kwamba pua ameifanya ndogo kuliko ilivyokuwa. Tata Ngoie akasema alijua, alisema shaba ni yake, anafanya pua anayoitaka. Mama Numbi akatoa sauti fupi puani. Kwa mtu mwingine ningeiita kicheko.

Akasimama, akajipangusa mikono, akaniambia niingie naye katika kile chumba kidogo. Nilidhani tunatafuta mahali pa kuiweka sanamu. Lakini sanamu alikwisha kuisogeza mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, imetazama ndani. Aliinama, akachukua chungu kibichi kwa mikono miwili, akanipa kingine kidogo, akanionyesha namna ya kukibeba kwa chini na si kwa mdomo. Tukavitoa. Kimoja kimoja, vyungu vya maji, vya mboga, vya pombe, tukavihamishia ndani kwake, kando ya kitanda, chini ya kitanda, mpaka akabakiwa na kijia tu cha kufikia mto wake. Kimoja kiliniponyoka, kikavunjika. Hakunigombeza, alikusanya udongo akaurudisha kwenye ndoo ya maji. Baba na Tata Ngoie walitutazama kutoka kwenye majivu bila kuruhusiwa kusaidia, na jua likawa linaelekea upande wa Kolwezi.

Chumba kilipokuwa tupu akakifagia. Kisha, kwa ufagio uleule, akaja hadi kwenye mstari, akayafagia majivu, na kuyamwaga upya karibu na mlango wa kwake, hatua chache tu, hivi kwamba chumba kidogo kikabaki upande wa nje. Akachukua godoro la Tata Ngoie kutoka kwenye lori, akalitandika mwenyewe, akalipigapiga vumbi.

"Ingia," akamwambia kaka yake. "Sasa haiko tena kitu utapasua."